Jirani yangu anatupa mboga, mie nazipika

Mama yangu aliposikia nimepata shamba huku Uingereza alinyamaza kwenye simu kama sekunde kumi hivi, nikadhani mtandao umekata, kumbe anatafuta maneno. Akasema, "Yaani mwanangu umepanda ndege kwenda Ulaya kulima mchicha?" Mwenzenu sikuwa na jibu. Maana ni kweli bana, mie mtoto wa Tandika, jembe nimelishika shule ya msingi tu siku za elimu ya kujitegemea, tena kwa kuogopa fimbo, na mboga nilikuwa nazijua zikiwa kwenye beseni la yule mama anayepita asubuhi anaita mchichaaa, matembeleee, unatoka na kanga yako na jero mkononi unachagua fungu, mnazozana kidogo, basi. Kwamba kabla ya beseni kuna mtu kaamka alfajiri huko mabondeni anabeba ndoo za maji, hilo sikuwahi hata kuliwaza.

Sasa nipo Leicester. Nilijiandikisha kwenye foleni ya mashamba 2019, ikaja korona watu wote wakafungiwa ndani wakagundua ghafla kwamba wanapenda kulima, foleni ikawa ndefu kama ya sukari enzi zile, nikaja kupigiwa simu 2021 mwezi wa tatu. Wenyewe wanaita alotimenti. Ni eneo kubwa limekatwakatwa viploti, ploti nzima kwa kipimo chao cha zamani ni rodi 10, ukiibadilisha ni kama mita za mraba 250, uwanja wa tenisi hivi, unakodi kwa mwaka na bei yenyewe sio ya kutisha. Mie nina nusu. Ni mambo ya zamani sana haya, kuna sheria ya 1908 inayozitaka halmashauri ziwatafutie watu maeneo ya kulima wakihitaji, maana wafanyakazi wengi wa viwandani hawakuwa na hata pa kuchomeka kitunguu, halafu kwenye vita ya pili ya dunia ndo ikawa kampeni ya nchi nzima, mpaka lile handaki linalozunguka ngome ya Tower of London likapandwa mboga. Na kuna masharti. Ukiacha majani yakaota unanyang'anywa, na biashara hapana, sheria inasema unalima hasa kwa ajili ya kula wewe na familia yako. Ndo maana ikifika mwezi wa nane watu wanagawiana zukini, vile viboga virefu vya kijani, kwa kulazimishana, unafika getini unakuta kreti limejaa limeandikwa chukua, hakuna anayechukua, kila mtu anazo za kwake hajui azipeleke wapi.

Siku ya kwanza nilitaka kulia. Ploti ilikuwa imekaa miaka bila mtu, imejaa sangari, ile nyasi ambayo mizizi yake inatambaa chini kama waya wa umeme, ukikata kipande kimoja umezalisha vitano. Wenzangu wote wanalima na uma, ile uma kubwa ya meno manne, unaikanyaga kwa mguu unageuza udongo. Nilijaribu siku mbili mgongo ukanigomea. Nikaagiza jembe mtandaoni, jembe kabisa, la kuinua juu na kushusha, na lilipofika nikasoma maandishi nikacheka peke yangu, maana kampuni ya Chillington, wale wa nembo ya mamba, wale ambao majembe yao yamelima nusu ya Afrika, kwao ni Wolverhampton. Hapa hapa jirani, saa moja na ushee kwa gari! Na Waingereza wenyewe hawajui linashikwaje. Nikaanza kulima, mzee wa ploti ya pembeni akasimama kunitazama na kikombe chake cha chai mpaka chai ikapoa.

Huyo mzee nitamwita Babu, maana ndo ninavyomwita kichwani. Leicester wazee wana salamu yao, wanakuita bata wangu. Mwezi wa kwanza nilidhani natukanwa. Kumbe ni kama sisi tunavyosema mpenzi au mwaya, haina maana yoyote mbaya, sasa nimezoea hadi asiponiita bata najiuliza nimemkosea nini.

Makosa yangu ya mwaka wa kwanza ni mengi lakini nisimulie mawili tu. La kwanza ni jua. Mwezi wa nne lilitoka jua zuri, anga la bluu, watu wamevaa kaptula, mie nikasema haya ndo wakati, nikamwaga mbegu za mchicha tuta zima. Wiki moja, mbili, tatu, hakuna kitu, hata kijani cha bahati mbaya hakuna. Jua la Aprili la huku ni la kupigia picha tu. Udongo chini una baridi ya friji na mchicha ni mtoto wa joto, bila udongo kupata joto mbegu inakaa tu kimya au inaoza, na hata ingeota, usiku wa mwezi wa tano bado kuna sakitu, ule umande unaoganda, ungeuua asubuhi moja. Nyumbani mchicha ni wiki tatu unakula. Hapa ilinichukua miezi mitatu na nikala wa mtu mwingine.

La pili ndo karibu liniue, na ndo sababu ya kichwa cha habari hapo juu.

Babu ana mmea mmoja mkubwa pembeni ya banda lake unaitwa rubabu. Majani yake jamani, mapana kama masikio ya tembo, kijani kilichoiva, yana mishipa mizito, na vikonyo vyekundu virefu. Mie nikiyatazama naona mboga. Naona kabisa nazi na kitunguu. Sasa siku moja nakuta Babu kavuna, kachukua vile vikonyo kavifunga vizuri na kamba, majani yote kayakata na kuyatupa kwenye rundo la mboji. Roho ikaniuma! Nikasema hawa Wazungu bana, wanakula miti wanatupa mboga. Sikutaka kuuliza, niliona aibu kuonekana naokota jalalani, nikasubiri ageuke, nikachukua mfuko wa Rambo wangu niliokuja nao toka Dar (nisiulizwe kwa nini ninao) nikaanza kujaza. Nimefika nusu mfuko nasikia mtu anapiga kelele, Babu anakuja mbio na goti lake bovu, sijawahi kumwona akikimbia na sijamwona tena tangu siku ile, ananipokonya mfuko anamwaga chini. Akasema hayo majani ni sumu. Kikonyo kinaliwa, kinapikwa na sukari kinakuwa kama jemu yenye uchachu, lakini jani lina asidi ambayo inaharibu figo. Akaniambia na historia yake, kwamba vita ya kwanza ya dunia chakula kilipopungua watu wa hapa waliambiwa wale majani ya rubabu kama mboga, wakaugua na wapo waliokufa. Nilikaa chini kwenye ndoo. Nilikuwa nimepanga kuyapika jioni ile ile, na mtoto wangu wakati huo ana miaka minne ndo mlaji namba moja wa mboga nyumbani.

Sijamsimulia mama yangu mpaka leo. Anasoma hapa? Mama kama unasoma, shikamoo.

Basi toka hapo nikawa nauliza kila kitu, hata aibu ikaniisha. Na kwa kuuliza ndo nikampata Masi. Nilikuwa naongea na mume wangu kwenye simu kwa sauti kama kawaida yetu, nalalamika kuhusu ule mchicha usioota, nikasikia nyuma ya uzio wa maharage mtu anasema, "Wewe natoka Tanganyika?" Nageuka namwona mama wa Kihindi, kavaa sari na juu yake koti la mvua na mabuti ya plastiki. Nikamwambia shikamoo, akacheka sana, akasema Uganda hatukuwa na hiyo shikamoo, Kiswahili changu mimi cha jikoni. Kazaliwa Jinja. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke alikuwa msichana wa miaka 19, wakaja huku na baba yake na sanduku, na wakati huo huo jiji hili la Leicester lilikuwa limeweka tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije, kwamba hakuna nyumba wala nafasi za shule. Wakaja. Nenda leo barabara ya Belgrave uone sari na dhahabu na maduka ya pipi zile za maziwa, wala huwezi kuamini kwamba kuna siku waliambiwa wakae mbali. Nilimuuliza kama lile tangazo lilimuuma, akaniambia baba yake alisema kama wameweka tangazo basi hapo mahali pana kitu kizuri.

Masi maana yake mama mdogo kwa Kigujarati, eneo zima tunamwita hivyo. Yeye mchicha anauita tandaljo. Yule Mjamaika wa ploti ya getini anauita kalalu. Miaka yote hiyo watu watatu wanapanda jani lile lile, kila mmoja anadhani anayo peke yake! Masi ndo alinifundisha mchicha wa huku. Usipande mpaka mwezi wa sita, au uoteshe ndani dirishani mwezi wa tano halafu uhamishe. Mbegu ni ndogo mno, changanya na mchanga ndo umwage, la sivyo zinashikana sehemu moja. Halafu usiung'oe. Hilo lilikuwa geni kwangu maana Dar mchicha unauziwa na mizizi yake na tope, unang'olewa mzima, lakini kwa vile msimu wa huku ni mfupi na mbegu yenyewe mpaka uitafute, unakata kichwa unaacha shina na macho mawili matatu, unachipua pembeni, unakata tena, nimeshakata mche mmoja mara tano. Mwaka ule wa kwanza alinipa miche yake kumi na mbili kwenye trei ya mayai, ndo huo wa mtu mwingine niliousema hapo juu. Niliupika na nazi ya kopo na karanga, nikampelekea bakuli. Akarudisha bakuli lina uwatu mbichi. Tumeendelea hivyo hivyo, bakuli halijawahi kurudi tupu.

Msimu wangu wa pili ulikuwa 2022 na mnakumbuka lile joto, tarehe 19 mwezi wa saba ilifika nyuzi 40.3 pale Coningsby, Lincolnshire, haijawahi kutokea nchi hii. Letusi za watu zilikufa zimesimama, spinachi zikatoa maua, Babu kakaa kivulini kaweka kitambaa cha maji kichwani. Mchicha wangu ukawa unacheka! Yaani unaona kabisa unakua, asubuhi uko magotini jioni uko mapajani. Wiki ile nilivuna mifuko minane, nikagawa kanisani, nikagawa kazini, nikachemsha kidogo nikagandisha kwenye friza, Desemba tukala mchicha nje kuna theluji. Najua joto lile halikuwa jambo la kufurahia, kuna wazee waliumia, lakini siwezi kudanganya kwamba sikufurahi shambani.

Halafu maboga. Hapa ndo nilipolipiza.

Babu ni mtu wa maboga makubwa, yale ya mashindano, linabebwa na watu wawili kwenye turubai. Ili boga moja liwe kubwa hivyo unauacha mmea uwe na tunda moja tu, na matawi ya pembeni unayakata ncha ili nguvu yote iende kwenye tunda. Kwa hiyo kuanzia mwezi wa saba Babu kila Jumamosi anakata, anakata, anatupa. Anatupa nini? Vichipukizi vya maboga, na majani machanga, na maua madume! Mlioelewa mmeelewa. Fungu la majani ya maboga kwenye duka la vyakula vya Kiafrika hapa mjini, tena yaliyonyauka, paundi mbili. Mie safari hii sikuokota kimyakimya, nilienda na adabu zote nikamwomba, akaniangalia kwa ile huruma ya mtu anayekumbuka rubabu, akasema bata wangu, hayo huwezi kula. Nikamwambia ngoja.

Nikakaa pale pale kwenye ngazi ya banda lake nikaanza kuyamenya, unajua ile kazi, unavunja kikonyo kidogo halafu unavuta ule utando wenye vinywele unatoka kama uzi mpaka kwenye jani, ukivuta vizuri unatoka mrefu, ukivuta kwa haraka unakatika unaanza upya. Ni kazi ya kukaa na watu, ukiwa peke yako inachosha. Masi akaja akakaa akaanza kumenya na yeye. Babu akajaribu, vidole vyake vinene akawa anararua jani lote. Nilikuwa na kajiko kadogo ka gesi, sufuria, kitunguu, nyanya zangu mbili, karanga za kusaga nimezibeba toka nyumbani. Dakika ishirini. Babu akala kijiko kimoja, akanyamaza, akala cha pili, akauliza hizi ni karanga? Akamaliza sahani. Akasema amelima maboga miaka zaidi ya thelathini na kila mwaka ametupa majani. Hakusema zaidi ya hapo ila aliliangalia lile rundo lake la mboji kwa muda kidogo.

Sasa kila Jumamosi ananiwekea kwenye ndoo, na maji kidogo chini kama maua. Sharti lake moja, nisiguse tawi kuu.

Kuna kimoja hatujakubaliana na sidhani kama tutakubaliana. Mnavu. Unajiotea wenyewe kwenye tuta la viazi, vimaua vyeupe vidogo, vitunda vya kijani baadaye vinakuwa vyeusi. Mchaga mwenzangu wa kazini nilimtumia picha akaniambia wewe una bahati. Babu akaniambia ukila huo mie nisilaumiwe. Na kusema kweli hapa nilimsikiliza Babu, maana aina zipo nyingi zinafanana, ule tunaokula nyumbani ni wa kupandwa na una majani mapana, huu wa kujiotea wa huku ni ndugu yake tu, na vitunda vya kijani vina sumu hata kwenye ile mimea tunayoijua. Baada ya rubabu mie sina tena ushujaa. Niliung'oa, moyo unauma lakini niliung'oa.

Mengine niyapitie haraka. Mahindi yanakubali, ila usipande mstari mmoja mrefu kama nilivyofanya, panda kwenye kibunda cha mraba maana chavua yake inabebwa na upepo, mwaka wa kwanza magunzi yangu yalikuwa na meno kama ya bibi. Bamia nje hazitaki, nilipata tatu. Tatu, sio kilo tatu. Matembele yanakubali kwenye banda la plastiki. Ngogwe nazo humo humo, zinachelewa lakini zinafika. Viazi vilipata ukungu mwezi wa nane mwaka jana, majani yakawa meusi kwa siku tatu, nikakata mashina yote nikaacha viazi chini wiki mbili ndo nikachimba, nikaokoa vingi. Makoa, wale konokono wasio na nyumba, sitaki hata kuwaongelea, natoka usiku na tochi ya simu nawaokota mmoja mmoja kwenye ndoo, mume wangu anasema majirani watapiga simu polisi.

Wiki iliyopita sakitu ya kwanza ilipiga. Nilifika asubuhi mchicha wote umelala chini mweusi kama uliomwagiwa maji ya moto. Nilikuwa nimeshawahi kukata vichwa vya mbegu, vipo ndani juu ya kabati la boila kwenye gazeti, vinadondosha vitu vyeusi kila mahali na mume wangu kila siku anauliza hivi vinatoka lini. Mabomba ya maji ya shambani yatafungwa mwezi wa kumi na moja mpaka mwakani mwezi wa tatu. Maboga ya Babu yamekwisha, lake kubwa lilipasuka wiki moja kabla ya mashindano, hajataka kuliongelea na mie sijamuuliza.

Kilichobaki ni sukuma wiki. Mbegu ni za hapa hapa, keli wanaiita, lakini nachuma kwa mtindo wa Wakenya, majani ya chini kwanza naacha kichwa kipande, inakuwa mti mpaka kiunoni, na ikishapigwa na baridi ndo inazidi utamu maana mmea unajaza sukari kwenye majani ili usigande. Shida ni njiwa. Njiwa wa huku ni wanene kama kuku wa kisasa, na msimu wa baridi hawana kingine cha kula, ukiacha mlango wa wavu wazi dakika tano unakuta vimebaki vikonyo vimesimama kama miswaki. Jumapili nimefunga wavu mpya, nimeukandamiza na matofali pande zote. Leo nimepita kuangalia nikakuta njiwa mmoja yuko ndani, sijui kaingilia wapi, kashiba, anatafuta pa kutokea.